Barua ya Kumwombea Nyasani Likizo

Sogeeni karibu, wajukuu wangu. Mong'ina, zima hiyo redio, na wewe Ogari acha kutafuna muwa, siwezi kushindana na meno yako. Mwaka wa sitini na saba babu yenu Nyasani alikuwa amekaa miaka mitatu kwa shamba la chai huko Kericho bila kukanyaga nyumbani. Nikateremka Kisii mjini, kwa benchi la Osman wa kahawa, niandikiwe barua ya Kiingereza kwa meneja mzungu, ampe likizo. Mimi sikusoma. Waliosoma pale benchini ni Obwocha, tuliyemwita Kamusi, na Ishmael, tuliyemwita Mwalimu Nusu kwa sababu alifundisha muhula mmoja tu. Ishmael alikuwa Msabato, kahawa hagusi, lakini alikuwa akipuliza kikombe chake cha maji moto kama wenzake.

— Andika "a very long time", akasema Kamusi.

— "Very" ni ya watoto wa darasa la nne, akasema Mwalimu Nusu. Mzungu mkubwa anaandikiwa "quite". "A quite long time."

— Wapi. "Quite a long time." Hiyo "a" inarudi nyuma.

— Mbona kwa "very" ilikaa mbele?

— "Quite" ni kama DC, yule mkuu wa wilaya. DC akiingia kwa baraza, umeona karani akimtangulia?

— Na "so" je?

— "So" ni DC aliyekuja na bibi yake. "So long a time." Anaingia na "long" wameshikana mikono, "a" inawabebea mizigo nyuma.

Osman akanijazia kikombe.

— Kunywa, dada Kemuma. Hawa bado wako kwa mstari wa kwanza.

— Semeni tu ni muda mrefu, nikawaambia. Mtoto wake anakimbia na hajamwona.

— Mrefu kiasi gani, dada? akauliza Kamusi. Hapo ndipo kazi iko.

Ningempimia mzungu na nini? Kila jioni nilisonga obokima, ugali wetu wa wimbi, wa watu wawili, nikapakua sahani mbili. Asubuhi nikala kiporo cha ile ya pili.

Bitutu, muuza ndizi wa Ekerenyo, alikuwa ametua kikapu chake hapo kupumzika. Akauliza polepole:

— Huyo bwana wako, yeye mwenyewe amewahi kuomba likizo akanyimwa?

Kamusi akaangalia ndani ya kikombe. Mwalimu Nusu akafunika kalamu. Mimi sikuwahi kusikia kwamba aliomba. Osman akainamisha birika, likatoa matone mawili tu.

Barua haikwenda, na Nyasani hakuja. Mahali pa benchi alipapata Abdinasir, mwana wa Osman, anauza viatu hapo. Kalamu aliachiwa Jemimah, binti wa Mwalimu Nusu. Baba yenu, yule mtoto aliyekuwa akikimbia, akapata migomba na jina la Nyasani. Ile sahani ya pili ni yangu. Bado naiosha.