Kugeuza ni Kazi ya Watu Wawili

Tawonga: Haloo? Nani mwenzangu? Namba siijui.

Fyness: Na sauti ya dada yako huijui pia?

Tawonga: Dada Fy! Simu ya nani hiyo?

Fyness: Ya NyaMoyo, muuza nyanya wa hapa jirani. Yangu imeisha chaji. Salamu baadaye, Tawo. Nijibu moja tu: ni kweli?

Tawonga: Kweli nini?

Fyness: Usinizungushe! Kaja mama mmoja kununua dagaa hapa kwangu, katoka kumuuguza mumewe huko hospitalini kwenu. Ananiambia, "Pole na baba yenu mdogo, mzee Wedson Harawa, kapata kiharusi, kalazwa wodi ya mdogo wako." Mimi nasikia kwa mteja! Nimebaki na kopo la dagaa mkononi kama sanamu!

Tawonga: Dada, ngoja—

Fyness: Siku zote hizo unamwosha mtu aliyemuua mama, na hukuniambia!

Tawonga: Ngoja kidogo niiweke simu chini, mikono yangu ina sabuni. [kitu kinachakacha] Haya. Sema sasa. Sema kwa sauti.

Fyness: Mbona umekuwa mbali?

Tawonga: Mtandao huu. Mimi nakusikia vizuri sana. Ndiyo, ni kweli. Yuko kwangu, chumba cha pembeni, peke yake.

Fyness: [anacheka] Hayawi hayawi, yamekuwa! Kapigwa upande gani?

Tawonga: Kulia kote. Mkono, mguu. Na ulimi umekuwa mzito, hatamki neno likaeleweka. Ila anasikia. Akili zake timamu.

Fyness: Ulimi ule! Ulimi uliosimama kwenye matanga ya baba ukasema, "Godoro ni la marehemu kaka yangu, mjane alikuja kwetu na mkeka, abaki na mkeka wake!" Leo hautamki? Mungu wangu, asante.

Tawonga: Presha. Alikuwa anapewa vidonge kila mwezi, akajiona mzima, akaviacha.

Fyness: Alifanya ubahili hata kwa vidonge vya bure.

Tawonga: Wengi wanafanya hivyo, dada. Presha haiumi, ndiyo maana—

Fyness: Usinifundishe presha, Tawonga! Nataka kujua jambo moja. Nani anamuuguza? Wale wanawe, vibopa?

Tawonga: Walimleta, wakakaa kidogo. Hata uji hawakuleta. Mkubwa akamvua saa mkononi, mdogo akachukua viatu na simu. Wakaniuliza, "Sista, huyu atarudi nyumbani?" Nikawaambia sijui. Wakatazamana. Hawajakanyaga tena.

Fyness: Eti wakatazamana!

Tawonga: Juzi kaja jirani yao kutoka kule Euthini. Anasema wameshaanza kung'oa mabati ya ghala. Ng'ombe wamegawana. Kitanda kimebebwa.

Fyness: Kitanda? Na... na godoro?

Tawonga: Na godoro.

Fyness: [anapiga kigelegele] NyaMoyo, njoo usikie! Mwosha huoshwa! Wamemgawana akiwa hai! Yeye angalau alingoja baba azikwe!

Tawonga: Ndiyo hivyo. Hana mtu. Wenzake wodini kila mmoja ana ndugu yake amelala chini ya kitanda, anamwosha, anamlisha. Yeye ana mimi tu.

Fyness: Vizuri sana. Sasa nisikilize mdogo wangu, sina muda, hii simu ni ya watu. Sikuambii umpige. Sikuambii umtie kitu kwenye uji. Wewe mwache tu.

Tawonga: Nimwache vipi?

Fyness: Alivyolala, alale. Kama anatazama dari, atazame dari. Leo, kesho, keshokutwa. Usimguse. Si una wagonjwa wengi? Nani atakuuliza?

Tawonga: [kitu kinachakacha tena]

Fyness: Haloo? Umekatika?

Tawonga: Nipo.

Fyness: Unajua vizuri ninachosema.

Tawonga: Najua. Sisi wauguzi tunakiona kidonda kabla hakijatokea. Watu wanangoja wekundu, na ngozi yetu haionyeshi wekundu. Unagusa kwa mgongo wa mkono. Pale mfupa wa makalio, kisigino, nyonga. Ukikuta pana joto, pagumu, rangi imekolea kuliko kwingine, basi nyama ya ndani imeshaanza kufa.

Fyness: Na kwake? Umegusa?

Tawonga: Nimegusa. Alikuja pakiwa hivyo tayari. Wanawe walimwacha sakafuni mpaka asubuhi.

Fyness: Basi kazi imeshaanzwa! Wewe usiiharibu!

Tawonga: Nimeshaiharibu, dada. Pamepoa.

Fyness: Umefanya nini?

Tawonga: Namgeuza. Kila saa mbili. Ubavu huu, mgongo, ubavu ule. Naweka mto katikati ya magoti. Visigino vinaning'inia, havigusi kitanda. Namlisha ameketi wima, kijiko kidogo, upande ulio mzima, maana akilishwa amelala uji unaingia mapafuni—

Fyness: Wee Tawonga! Una wazimu? Huyo ni Wedson Harawa!

Tawonga: Namjua.

Fyness: Mama alikuwa na tundu mgongoni la kuingiza ngumi! Wewe hukuliona, mimi nililiona! Mimi ndiye nilikuwa nafukuza nzi na jani! Mwaka uleule alipochukua godoro, mama akapigwa na kiharusi kilekile, na yuko chini kwenye mkeka—

Tawonga: Dada—

Fyness: Angekuwa na godoro lake asingeoza! Angekuwa hai! Aliyemuua ni huyo unayemwekea mto magotini!

Tawonga: Godoro halimwokoi mtu, Fy. Hapa tuna magodoro na watu wanapata vidonda. Kinachomwokoa mtu ni kugeuzwa. Hata ukiwa juu ya mkeka, ukigeuzwa, ukainuliwa na shuka bila kuburutwa, maana ukiburutwa ngozi inachub— Dada? Dada Fy, sikumaanisha—

Fyness: Bila kuburutwa.

Tawonga: Nilikuwa naongea mambo ya kazi tu.

Fyness: Mimi nilikuwa namburuta.

Tawonga: Acha, dada.

Fyness: Kila asubuhi. Nilikuwa nashika pembe za mkeka, namburuta mpaka mlangoni apate jua. Alikuwa anapenda jua. Akiguna nilikuwa nadhani anafurahi. [mtandao unakwaruza] Na nikimgusa mgongo analia, basi namwacha alale hivyohivyo mpaka jioni. Nikasema, mwache mama apumzike.

Tawonga: Ulikuwa mtoto.

Fyness: Tangu lini unajua hili?

Tawonga: Tangu mwaka wa kwanza chuoni. Mwalimu aliingiza doli kubwa darasani, akasema, geuzeni. Nikatoka nje nikatapika.

Fyness: Na miaka yote hii ukaninyamazia. Ukija Krismasi unakula nsima yangu unaninyamazia. Kumbe ni mimi niliyemchuna mama.

Tawonga: Si wewe! Fyness, nisikilize. Hujaniuliza mwalimu alisema nini kingine.

Fyness: Sitaki.

Tawonga: Alisema kugeuza ni kazi ya watu wawili. Mmoja begani, mmoja nyonga. Mtu mmoja hawezi, ataburuta tu, hata awe na mwili wa mwanajeshi. Na mama alikuwa mnene. Haya niambie. Mlikuwa wangapi pale nyumbani?

Fyness: Mimi na mama.

Tawonga: Wa pili alikuwa nani?

Fyness: Hakukuwa na wa pili.

Tawonga: Alikuwepo. Alikwenda wapi, Fy?

Fyness: Alikuchukua.

Tawonga: Siku ileile. Alipakia godoro kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akapakia baiskeli ya baba, akaninyanyua mimi akaniweka juu ya godoro. Akasema, "Huyu ni damu yetu, atamsaidia mke wangu kuchota maji." Nilikuwa naona safari! Nilikuwa narukaruka juu ya godoro la mama, nakupungia mkono.

Fyness: Nilikuona.

Tawonga: Basi usiniambie ni wewe. Alichukua godoro, sawa, tungeishi. Alichukua mikono yangu. Mama alipoanguka nilimlilia huyu mzee, nikamwambia nirudishe kwetu nikamsaidie dada. Akasema maji ya ng'ombe yatachotwa na nani?

Fyness: Hilo hukuwahi kuniambia.

Tawonga: Mengi sikukuambia.

Fyness: Sasa mbona unamgeuza, Tawo? Kwa nini? Wewe ndiye ungekuwa wa kwanza kumwacha aoze!

Tawonga: Akioza atakufa. Akifa atapumzika, wanawe watavaa nyeusi, mchungaji atamsifia, watu watakula ng'ombe wake wakilia. Mimi sitaki apumzike.

Fyness: Ehe.

Tawonga: Nataka apone. Namnyoosha vidole kimoja kimoja asubuhi na jioni visikakamae. Mpira wa mkojo nausafisha asipate homa. Vidonge vya presha anameza mbele yangu na namfunulia mdomo nione. Atakaa, atasimama na fimbo. Halafu nitampandisha gari arudi Euthini, akaingie kwenye nyumba isiyo na bati, hajaachiwa hata kikombe, alale chini, na akili zake timamu. Akae miaka, Mungu akipenda.

Fyness: Mama yangu wee.

Tawonga: Na kila nikimgeuza, nikishamshika bega, kabla sijavuta, namwambia taratibu sikioni: mimi ni Tawonga, mtoto wa NyaLongwe mjane wa kaka yako, yule wa juu ya godoro. Anafumba macho. Nangoja ayafumbue, ndipo navuta.

Fyness: Unamwambia hivyo?

Tawonga: Kila saa mbili.

Fyness: Kumbe ulinizidi, mdogo wangu. Mimi nilitaka afe tu.

Tawonga: Ila mgongo umenikatika, dada. Zamu yangu niko peke yangu na vitanda vimejaa. Jana nusura niburute.

Fyness: Sasa unataka nini?

Tawonga: Mikono.

Fyness: Wacha utani.

Tawonga: Njoo umuuguze. Hana mtu. Nani atashangaa? Mtoto wa kaka yake kaja, watasema una moyo. Wewe begani, mimi nyonga.

Fyness: Nimshike mimi? Nitamtemea mate.

Tawonga: Hutamtemea. Na ulete mkeka.

Fyness: Upi?

Tawonga: Unaujua. Unao bado?

Fyness: Upo darini. Nimeusugua na majivu, nimeusugua na sabuni. Lile doa halitoki.

Tawonga: Ndiyo huohuo. Wauguzaji wote hulala chini ya kitanda, wewe utautandika hapohapo. Akigeuzwa upande ule, anaona ukuta. Akigeuzwa upande huu, anaona mkeka.

Fyness: Tawo.

Tawonga: Abee.

Fyness: Begani ndiyo upande wa kichwa?

Tawonga: Ndiyo.

Fyness: Kwa hiyo atakuwa ananitazama usoni.

Tawonga: Atakutazama usoni.

Fyness: Basi la mchana halijaondoka. NyaMoyo, ngoja basi, namalizia! Huyu mama anasema salio lake lote nimelila. Tawo, ukirudi wodini mwambie. Mwambie Fyness anakuja na mkeka.

Tawonga: Sina haja ya kumwambia.

Fyness: Mwambie! Nataka aanze kungoja!

Tawonga: Amesikia, dada.

Fyness: Amesikia nini?

Tawonga: Simu nimeiweka spika. Iko hapa kwenye mto wake, karibu na sikio. Tangu nilipokuambia useme kwa sauti.

Fyness: ... Yote?

Tawonga: Yote. Na la kuburuta pia. Hilo ndilo nililotaka alisikie kwa mdomo wako.

Fyness: [kelele za soko] Anafanyaje?

Tawonga: Machozi yanamtoka. Yanateremkia shingoni.

Fyness: Wewe unafanyaje?

Tawonga: Nampangusa. Ngozi ikikaa na majimaji inaharibika haraka.

Fyness: Mpanguse vizuri, Tawo. Mpaka kwenye mikunjo. Asiharibike kabla sijafi— [simu inakatika]