Moshi Uliobaki Kwenye Glasi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mlioketi mbele, asifiwe na wewe uliyechelewa ukasimama mlangoni!

Naitwa Chebet. Kwa miaka mingi swali moja lilininyima usingizi: je, baba yangu ameacha pombe kweli? Mnamjua baba. Ndiye anayepanga viti hapa kila Jumapili. Nilipomwomba ruhusa ya kusimulia haya, akaniambia, "Sema yote, mami. Usinipake poda."

Ndugu zangu, nilipokuwa mdogo baba alikuwa mlevi. Alificha chang'aa ndani ya kibuyu cha maziwa cha mama. Sisi watu wa Bomet husugua kibuyu kwa kijinga cha moto, ndipo tukatia maziwa yagande, nayo hunukia moshi. Ikawa nikisikia moshi ule, najua leo mama atalia.

Kisha Bwana akamtembelea baba! Akaokoka, akakivunja kibuyu kile mbele ya mama, akaleta kipya kutoka kwetu Bomet. Mama akaonja amani kabla Bwana hajamchukua. Na tangu atuache, baba hugandisha maziwa yeye mwenyewe, pale kwetu Riruta, na kunimiminia kikombe. Nami nilikuwa nanusa. Kila nikinusa, moyo unaniambia: pombe imo humo. Nasingizia tumbo. Baba anakichukua kikombe polepole na kusema, "Basi kesho." Na kesho anamimina tena. Mzee yule ana subira, haleluya!

Nilisomea sayansi ya vyakula. Baada ya kuhangaika sana nikapata kazi Upper Hill, kwenye kampuni inayoagiza vinywaji kutoka ng'ambo. Msinikazie macho, wapendwa! Kazi yangu ni kukagua: naonja, natema. Na kwa vile mimi ni mtu wa kuwaza, hata kutema kulinipa mawazo: je, ile inayobaki kwenye meno?

Siku moja wakafungua wiski ya Uskoti iliyokaa pipani miaka thelathini, adimu kabisa. Shayiri yake hukaushwa kwa moshi wa udongo mweusi wa kinamasi, ambao wao huuchoma kama kuni. Nikainua glasi, nikanusa. Kibuyu cha mama! Moshi na pombe pamoja, kama zamani!

"Onja, Chebet," akacheka bosi wetu, mama mmoja mcheshi. "Hiyo haiumi. Bei yake ndiyo inauma."

Nikaonja. Moshi, chumvi kidogo, utamu wa mbali kama wa asali, halafu moto. Nikatema, nikageukia dirisha kufuta machozi. Wenzangu wakadhani ni ukali. "Mtoto wa maziwa huyo!" wakanitania.

Jioni ikawa zamu yangu kuosha glasi. Yangu ilikuwa imekauka. Nikainusa kwa mazoea tu. Ndugu zangu, pombe ilikuwa imeondoka! Imeyeyukia hewani yote, haipo! Kilichobaki ni moshi mtupu, mtulivu. Na harufu ile niliijua. Haikuwa ya kibuyu cha zamani. Ilikuwa ya kikombe cha baba, kile nilichokuwa nakikataa kila siku.

Niliketi sakafuni na glasi mkononi. Pua hii ninayolipwa kwa ajili yake ilikuwa imenusa kikombe kile miaka yote, na haikuwahi kukuta pombe. Haikuwahi! Pua ilileta moshi, woga ukaongeza pombe. Bwana alikuwa amemfungua baba zamani. Aliyebaki kifungoni ni mimi.

Nyumbani nilimkuta baba mlangoni kando ya jiko, anasugua kibuyu. Nikamwambia yote, hata wiski. Akaendelea kusugua, nami nikaanza kujuta. Kisha akauliza, "Ya miaka thelathini?"

"Ndiyo, baba."

"Na ukaitema?"

"Nikaitema."

"Mungu ni mkuu. Mimi yule wa zamani ningemeza na glasi."

Tulicheka mpaka jirani akachungulia. Ndipo baba akasema, macho yakiwa kwenye kibuyu, "Nilijua unanusa, mami. Mimi ndiye niliyekufundisha kunusa. Ndiyo maana nilikuwa nasema kesho."

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyemponya baba, kisha akarudi kuniponya mimi niliyedhani siumwi. Na wewe, kama nyumbani kwako yupo mtu ambaye Bwana amemfungua, na bado unamnusa kila anapoingia, hebu leo mwamini aliyemfungua! Moshi unaweza kubaki. Moshi si dhambi.

Jioni ile baba alimimina maziwa, akasita kidogo, akaninyooshea kikombe. Nilikipokea kwa mikono miwili. Sikukipitisha puani. Nilikunywa mpaka chini kabisa, nikamrudishia nikisema, "Niongeze, baba."