Mzee Fikirini na Tochi ya Stoo

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mzee Fikirini Abdulkarimu Mbonde alifunga stoo ya kituo chetu cha mafunzo hapa Kibiti kwa mara ya mwisho, akahitimisha miaka thelathini na moja ya utumishi. Alifunga, akalivuta kufuli. Akaondoka, akarudi, akalivuta tena.

Mzee ni mzaliwa wa Mtunda. Alianza kama mlinzi, wakati kituo kina cherehani na useremala tu. Baadaye akapewa stoo, kwa sababu mkuu wa wakati ule alisema mtu asiyemwamini hata jogoo wake ndiye anayefaa kushika funguo. Nyumbani kwake mayai humulikwa kwa tochi kabla ya kuchemshwa. Kazini alimulika saruji, mbao, na hata chai yetu ya saa nne. Wanafunzi wakamwita Mzee Mulika. Jina hilo hakulipenda, wala hakulikataza.

Miaka mitatu iliyopita kompyuta mpakato za darasa la akina mama zilichoka. Ukiwasha moja, unanyonyesha mtoto mpaka anashiba, yenyewe bado haijawaka. Fundi wetu, Mudrick, akashauri tuweke Linux, programu ya kuendeshea kompyuta, ambayo ni nyepesi na ni ya bure.

Hapo ndipo Mzee aliposimama.

“Ya bure? Mwenyewe anakula nini?”

Aliuliza kikaoni, akauliza jikoni, akauliza na msikitini. Kwake yeye, kitu cha bure hakikosi mkono wa mtu ndani.

Mudrick akaziwekea hiyo Linux. Kila kitu kilikwenda sawa mpaka alipoziwasha upya: orodha ya kuwashia ikaonekana, kisha kioo kikawa cheusi tii. Feni inavuma, taa ya umeme inawaka, kioo hakina kitu. Ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, zote hivyo. Na wafadhili walikuwa wanakuja Jumatatu. Walishasema wazi kwamba wakikuta mashine hazifanyi kazi, darasa linahamia Utete. Sisi akina mama, wengine tukiwa na watoto mgongoni, Utete tungekwenda vipi kila siku?

Mzee hakuhuzunika, maana jibu alishalipata: Mudrick kabadilisha vioo, vizima kaviuza Ikwiriri.

“Mzee, leo unaniita mwizi?”

“Sijakuita. Nataka kukiona hicho kioo.”

Akachukua tochi ya stoo, akainama, akakimulika kioo kwa upande akitafuta alama za bisibisi. Alama hakuziona. Akaisogeza tochi karibu zaidi.

“Wewe Mudrick, mbona humu ndani mna maneno?”

Picha ilikuwapo muda wote, hafifu sana. Kilichozimika ni taa ya nyuma ya kioo, ambayo Linux ilishindwa kuiongoza kwenye mashine za aina ile. Mudrick akawasha upya, na pale kwenye orodha ya kuwashia, kabla giza halijaingia, akaongeza maneno haya: acpi_backlight=vendor. Maana yake, mwanga uongozwe kwa njia ya mtengenezaji wa mashine. Kioo kikang'aa. Akayahifadhi kwenye mipangilio yasipotee mashine ikizimwa, akafanya hivyo kwa zote. Jumatatu wageni walizikuta zinawaka, na darasa likabaki Kibiti. Wasifu huu nauandika kwa mojawapo ya mashine zile, hapa mapokezi nilipopata kazi baada ya kumaliza mafunzo.

Lakini haki isemwe. Mzee alimkosea Mudrick, na kuomba radhi hakuomba. Kesho yake alimletea trei nzima ya mayai, akaiweka mezani.

“Yote nimeshayamulika.”

Mudrick akacheka, yakaisha. Ila Linux Mzee hajaisamehe. Mpaka leo anasema mwenyewe yupo, hajajitokeza tu.

Mzee wetu, asante kwa kutushuku sote sawasawa, mkubwa na mdogo, na kwa kutoacha hata msumari mmoja upotee. Kifurushi hiki tulichokufungia usikimulike, maana ndani yake mna tochi yenyewe, ile uliyoirudisha stoo siku ya mwisho. Mkuu ameitoa kihalali. Ni ya bure, na mikono iliyomo ni yetu sisi. Kapumzike Mtunda kwa afya na amani, wewe na watu wako. Kufuli tutalivuta mara mbili.

Maimuna Habibu, Mapokezi