Leonia Si Monika: Maisha ya Mzee Kastori Aloisi Mrosso (1946–2007)

Ni nani kati yenu mliosimama hapa kihambani, kwenye shamba hili la ukoo wetu, ambaye hajawahi kuucheza wimbo wa marehemu huyu akidhani ni wa mtu mwingine? Hakuna. Tumeucheza kwenye harusi na komunio, tumeusikia ukitoka kwenye kila duka la kanda pale Pasua. Familia imenipa mimi, Rogath, mwanawe wa tatu, kazi ya kusoma wasifu huu. Wapo walioniomba nisiguse jambo la tuzo, kwamba msibani si mahali pake. Nimewasikia kwa heshima. Nitaligusa.

Marehemu Kastori Aloisi Mrosso alizaliwa tarehe 8 Machi 1946 hapa Kilema, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Aloisi na marehemu Mama Mektrida, wakulima wa kahawa na ndizi. Alibatizwa mwezi huohuo katika parokia yetu.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1954 hadi 1961. Akiwa na miaka kumi alitengeneza gitaa lake la kwanza kwa debe la mafuta ya taa. Nyuzi alizipata kwenye breki ya baiskeli ya katekista Fabian. Jumapili iliyofuata katekista aliteremka kwenda kanisani kwa kasi yake ya kawaida, akabana breki, akaishia ndani ya mfereji na kanzu yake nyeupe. Bibi Mektrida hakumchapa mwanawe. Alikata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba, akalifunga fundo, akamwambia, "Lipeleke mwenyewe. Na ukifika useme umechukua. Usiseme umeteleza." Kwetu jani la isale halikataliwi, anayeletewa lazima asamehe. Lakini anayelileta lazima ataje kosa lake kwa mdomo wake mwenyewe. Katekista alilipokea akiwa bado na tope masikioni, akasema, "Haya, nimekusamehe. Sasa nipigie huo wimbo ulioniponza." Marehemu alitusimulia kisa hiki mara nyingi kuliko tulivyotaka.

Baada ya kusomea ufundi umeme mjini Moshi, mwaka 1966 aliajiriwa katika kiwanda kimoja hapo mjini. Mwaka 1974 kiwanda kilianzisha bendi, naye akapiga gitaa la solo na kuiongoza hadi 1993, kiwanda kilipofungwa na vyombo vya muziki kuuzwa kwa mnada pamoja na meza na feni. Alirudi kwenye kahawa. Ila kila Jumamosi alishuka Pasua, kwenye chumba nyuma ya gereji, kuwafundisha vijana gitaa. Sharti lake lilikuwa moja: uje umenawa mikono. Mmoja wa vijana hao alikuwa Filemon, mzaliwa wa Kirua, jirani zetu kabisa.

Tarehe 14 Oktoba 1972 alifunga ndoa na Leonia, mama yetu. Alimwona mara ya kwanza akiteremka kwenda soko la Himo siku ya mvua, mkungu wa ndizi kichwani. Wenzake wote waliteleza, yeye hakuteleza. Kutokana na siku ile, mwaka 1981, marehemu alitunga "Leonia Shuka Taratibu". Bendi iliupiga kwenye kumbi kuanzia Rombo hadi Sanya Juu kwa miaka kumi na miwili. Haukurekodiwa hata mara moja.

Mwaka 2004 tulikuwa jikoni, mama akimenya ndizi za mtori, redio ikapiga wimbo mpya wa Filemon, ambaye sasa alikuwa msanii mkubwa Dar es Salaam. Ulikuwa ule ule, gitaa lile lile, ila uliitwa "Monika Shuka Taratibu". Leonia aliteremka mlima na mkungu kichwani. Monika alikuwa anashuka kwenye gari. Mama aliweka kisu chini.

"Huyo Monika ni nani?" aliuliza.

Wimbo ulipoingizwa kwenye Tuzo ya Ngoma ya Shaba, kuwania wimbo bora wa mwaka nchini, niliiandikia kamati barua tatu kwa niaba ya marehemu. Walijibu mara moja, wakitaka kanda ya zamani. Tuliwapelekea majina na vijiji vya watu mia mbili waliowahi kuucheza. Wakasema watu si kanda. Tukaambiwa pia na wajuzi kwamba hili ni soko huria, mzee azoee. Sawa. Lakini hata kwenye soko la Himo huwezi kuuza mbuzi wa jirani kwa kumbadilisha jina.

Jumamosi tarehe 19 Machi 2005 nilimsindikiza marehemu kwenye sherehe ya tuzo hiyo. Alivaa koti la bluu la bendi, vifungo viwili vimepotea. Filemon alipotangazwa mshindi na kuanza kuimba, marehemu alisimama. Hakupiga kelele wala hakutoa ishara. Alisimama tu, wima.

"Kaa chini, mzee, unatuziba!" walisema waliokaa nyuma.

Mlinzi akaja. "Mzee wangu, nakuomba ukae."

"Nimekaa tangu kiwanda kifungwe, kijana. Acha wimbo wangu uishe nikiwa nimesimama."

Alisimama hadi mwisho. Kwenye korido Filemon alitukuta, ngoma ya shaba kwapani. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Monika ni nani?"

"Aa, mwalimu, si jina la kibiashara tu! Kwenye mahojiano yajayo nitakutaja, nitasema ulinifundisha."

"Sitaki kushukuriwa. Sema umechukua. Wewe ni mtoto wa mlimani, unajua unatakiwa kuja nyumbani kwangu na nini."

Filemon alicheka, akaitwa kupigwa picha. Miaka miwili marehemu hakufunga mlango wa uani mchana. Tulidhani ni kwa ajili ya hewa.

Januari mwaka huu alipata kiharusi kilichoulemaza mkono wa kushoto, ule wa kubana nyuzi. Akiwa amelazwa hospitali mjini Moshi, kila redio ilipoupiga wimbo ule aliwaambia wauguzi, "Sista, sema Leonia." Wiki ya tatu wodi nzima iliimba Leonia, hata mgonjwa mmoja wa Chekereni aliyekuwa hasemi na mtu. Hiyo ndiyo tuzo pekee aliyopewa, na alipewa na watu wenye dripu mkononi. Alifariki nyumbani kwake Jumanne tarehe 12 Juni 2007, saa kumi na moja jioni, mlango wa uani ukiwa wazi.

Ameacha mjane, Mama Leonia, watoto watano, Hilda, Wilbert, mimi, Gladys na Dainess, wajukuu tisa, na mdogo wake, Shedrack, aliyekuwa mpiga tumba wa bendi. Ameacha pia wimbo mmoja, na jina lake ni moja. Wewe lala, baba, umesimama vya kutosha. Zamu ya kusimama sasa ni yetu.

Naongeza jambo moja nililoliona kwa macho yangu asubuhi ya Jumatano, siku iliyofuata kifo chake. Tulikuwa tunafyeka migomba na kuchimba kaburi mahali hapa. Filemon alikuja kwa miguu pamoja na mjomba wake, gari wameliacha barabarani kwa sababu ya tope, suruali imechafuka hadi magotini. Mkono mmoja alishika ngoma ya shaba, mwingine jani la isale lililofungwa fundo. Nilisema afukuzwe. Baba mdogo Shedrack alinishika bega. Mama akatoka.

"Shikamoo, mama. Mama, nilichukua. Wimbo ni wa mwalimu. Jina lako nililiondoa mimi."

Mama alilipokea jani. Ngoma hakuigusa. "Hiyo irudishe ulikopewa, na maneno haya ukayaseme huko huko, kwenye maikrofoni ile ile. Sasa imba."

Filemon alifumba macho. Mdomo ukaenda ulikozoea. "Monika..."

"Nani?" mama aliuliza.

Wachimbaji waliweka majembe chini. Filemon akajifuta uso kwa mkono wenye tope, akaanza upya, kwa jina la Leonia.