Kadii Charo na Wimbo wa Mama Qabale

Wasikilizaji wapendwa wa Garsen, Hola, Wenje na kote kando ya Tana, karibuni. Leo tunamkumbuka Kadii Charo, yule mama aliyekuwa akirekodi nyimbo za wazee nyumbani kwake hapa Garsen. Kadii ametutoka. Saratani ya matiti ilimchukua wiki iliyopita, mumewe Gona akiwa kando yake.

Kadii alikuwa fundi cherehani. Studio yake ilikuwa chumba cha kulala, mablanketi yametundikwa ukutani ili sauti isirudi. Alirekodi Wagiriama wenzake, Wapokomo, Waorma. "Chakula kiliungua jikoni mara nyingi," Gona aliniambia. "Akishavaa zile spika za masikioni, hata ukimwita hasikii."

Mwaka jana alimrekodi Mama Qabale, Muorma, akiimba nyimbo za kunywesha ng'ombe. Mama Qabale alikataa kuimbia ndani ya nyumba, kwa hiyo wakaketi uani. Jirani akawasha mashine ya kusaga unga. Ikanguruma mwanzo hadi mwisho. Wakakubaliana kwamba watarudia. Hawakuwahi kurudia. Mama Qabale aliugua, akafariki. Ikabaki rekodi hiyo moja tu.

Sasa, Kadii alikuwa ameagiza kompresa kutoka Mombasa. Kazi yake ni kuibana sauti, ya chini ipande, ya juu ishuke. Aliipenda sana. Akaiweka ya kwanza kabisa katika mpangilio wa vifaa vyake. Ikainua sauti ya mama, ikainua na mashine ya unga. Nyuma yake akaweka kifaa cha kuzima kelele kila mwimbaji anaponyamaza. Kelele ikazimika. Na pumzi za mama zikazimika.

Jarso, mtoto wa Mama Qabale, akaja kusikiliza. Alizivua spika kabla wimbo haujaisha.

"Dada Kadii, huyu si mama yangu," alisema. "Mama akiimba anavuta hewa. Huyu havuti hewa."

Jarso alipoondoka, Kadii alilia. Gona alimfariji kwamba labda kile kifaa kipya ni kibovu. "Akaniambia," Gona anasema, "si kibovu, baba. Mimi ndiye nimekiweka mahali pabaya."

Wakati huo alikuwa ameshaanza matibabu. Alikuwa akirudi kutoka hospitalini amechoka sana. Hata hivyo aliifungua upya ile rekodi ya mwanzo, ambayo haikuwa imeguswa na kitu. Kwanza akapunguza mngurumo mzito wa mashine. Ndipo akaleta kompresa, akaibana sauti kidogo tu. Mwisho kabisa akaongeza mwangwi mwembamba. Kile kifaa cha kuzima kelele akakiondoa. Kompresa ni ileile, wasikilizaji. Kilichobadilika ni kipi kinatangulia. Mashine bado ilisikika kwa mbali, lakini Mama Qabale naye alisikika akivuta hewa.

Jarso akaitwa tena. Safari hii alisikiliza hadi mwisho, akaomba wimbo urudiwe.

"Nimeshindwa kuitoa mashine yote," Kadii alimwambia.

"Wacha ikae," Jarso akasema. "Siku hiyo ilikuwepo."

Akatoka, akasimama uani peke yake, uso ameufunika kwa shuka.

Hiyo ndiyo kazi ya mwisho ya Kadii Charo. Siku ya mazishi, Jarso alifika mapema na maziwa ya kuwapa wafiwa. Alibaki hadi watu wote walipoondoka.

Kwako Gona, kwa jamaa wote wa Charo, na kwako Jarso uliyefiwa mara mbili, poleni sana. Mungu awape nguvu. Na wewe unayenisikiliza, mfikirie mtu mmoja nyumbani kwako ambaye sauti yake umeizoea hata huisikii tena. Leo kaa naye, msikilize.

Kadii hakuacha wimbo wake mwenyewe. Kila alipochanganya sauti, yake aliikata. Lakini Gona ameipata kwenye ile rekodi ya Mama Qabale, sekunde chache kabla ya wimbo. Ameileta hapa studioni na ombi moja: tusiipitishe kwenye kifaa chochote. Tunaiweka ilivyo. Huyu ni Kadii, anamwambia Mama Qabale:

"Sogea karibu, mama. Hapo hapo. Ukiwa tayari, anza. Mimi nipo."