Aliyelala Akisikiliza Pampu

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Robo, alizaliwa tarehe 14 Juni 1955, mtoto wa pili na kitinda mimba wa mama mshonaji na baba mlinzi wa ghala. Dada yake, anayewasomea haya, ndiye aliyembeba mgongoni, na anathibitisha kwamba alikuwa mzito na mwoga tangu siku hizo.

Woga huo ulikuwa na chanzo. Akiwa na miaka saba aliachwa nyumbani peke yake, bomba la chini ya sinki likapasuka. Alilibana kwa mikono miwili mpaka mama aliporudi kutoka kazini na kumkuta amesimama kwenye maji. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, ikabidi mama avibandue kimoja kimoja. Tangu siku hiyo hakupata usingizi bila kwanza kusikiliza mabomba.

Alimaliza sekondari mwaka 1974 na chuo cha ualimu mwaka 1976. Alifundisha jiografia katika shule moja tu hadi alipostaafu Desemba 2015. Alichora mito ya dunia nzima ubaoni, na hata ule wa karibu hakuthubutu kuuvuka.

Tarehe 3 Septemba 1983 alifunga ndoa na mpishi wa hospitali, mwanamke asiyeogopa kitu ila kubaki peke yake. Mkewe ndiye aliyetaka gari-nyumba, lile kuukuu mnalolijua, lenye kitanda, jiko, sinki na tangi la maji ndani. Marehemu alikubali kwa sharti moja tu, kwamba fundi asiguse mabomba. "Fundi akishaondoka," aliuliza, "nani anabaki na maji?"

Siku ya kwanza alikaza nati ya plastiki kwa spana kama anakaza tairi la lori. Nati ikapasuka, godoro likaloa chapa chapa, na mkewe akacheka hadi akakaa kwenye maji. Hapo ndipo lilipozaliwa jina lake: kaza kwa mkono, kisha robo mzunguko, usizidishe. Alimfundisha mkewe kazi hiyo wakiwa wamelala chali chini ya sinki, tochi mdomoni. Alimfundisha pia kuisikiliza pampu. Koki zikifungwa, pampu hunyamaza. Ikilia yenyewe, ujue kuna mahali panavuja. Wakazunguka hivyo miaka mingi, na mito akaivuka, macho ameyafumba.

Oktoba 2022 alianza kuishiwa pumzi. Daktari alimweleza kwamba valvu ya moyo inavuja na ni lazima apasuliwe. Marehemu akauliza kama pampu yenyewe ni nzima. Daktari alicheka, lakini mkewe hakucheka, maana alijua anauliza kweli. Walipofika nje alimwambia waziwazi, "Mama watoto, naogopa. Hii siwezi kuifikia."

Upasuaji ulipangwa, lakini hakuuwahi. Alifariki tarehe 9 Machi 2023, saa nane mchana, akiwa ameshikwa mkono na mkewe.

Wasifu ungeishia hapo, kama si mambo ya juzi. Watoto walikuwa wameamua gari liuzwe, na mama yao alikubali, kwa sababu hata mlango wake aliogopa kuufungua. Waombolezaji wamejaa uani lilipoegeshwa gari, pampu ikalia. Ndani hakukuwa na mtu. Ikanyamaza, ikalia tena. Mpwa mmoja akanong'ona, "Mjomba karudi," na uwanja ukawa mweupe. Dada wa marehemu, kwa umri wake huu, aliacha kiatu kimoja pale pale.

Mjane naye aliogopa. Lakini alikumbuka maneno ya mwalimu wake, akachukua tochi, akafungua mlango. Alilala chali chini ya sinki, upande wake ule ule wa siku zote, na upande wa pili ukiwa mtupu. Akapapasa nati hadi akakuta iliyolowa. Akaikaza kwa mkono, kisha robo mzunguko. Pampu ikanyamaza.

Hakutoka. Binti yake alipomfuata alimkuta amelishika bomba kwa mikono miwili, analia.

"Mama, liachie. Halivuji tena."

"Najua," akasema. "Gari haliuzwi. Nitaogopa humu humu ndani."

Marehemu ameacha mjane, binti, mtoto wa kiume, wajukuu watatu, na dada yake huyu mwenye kiatu kimoja.

Ndugu yangu, mama hayupo wa kukubandua vidole, basi nakwambia mimi: achia sasa, upumzike kwa amani. Bomba limeshikwa.