Mama Mkwe Wangu Alikuwa Ameshiba

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama na kina baba wa kikundi, poleni na baridi. Mwenyekiti ameniomba niseme kwa upole, kwa sababu ushuhuda ni wa kujengana. Nimemsikia na ninamheshimu. Ila nawaambia mapema: leo upole sikuja nao. Nitasema kama ilivyokuwa. Jina la mtu sitataja, maana ndio utaratibu wetu hapa. Ingekuwa ni hiari yangu, ningelitaja mara mbili.

Wengi mnanijua. Mimi ndiye mpiga picha wa hapa Ilongero, mwenye studio karibu na soko. Picha zenu za paspoti nimepiga mimi. Harusi za watoto wenu nimepiga mimi. Hiyo ni kazi ya kula. Lakini ninayo kazi nyingine, ya moyo, na hiyo naifanya msimu wa baridi.

Mnaijua baridi yetu. Mavuno yameshaingia ndani, upepo unavuma tangu alfajiri mpaka mawe yenyewe yanatamani blanketi. Wengine mnajifungia. Mimi hapo ndipo ninapotoka, kwa sababu mwanga wa asubuhi za kipupwe hauna mfano. Unakuja kwa ubavu, umechujwa na vumbi, ukimpata mtu unamchora mpaka mishipa ya mkono. Na hapo ndipo wafinyanzi wetu wanapofanya kazi, maana mvua hakuna ya kuharibu vyungu. Basi siku za katikati ya wiki, ambazo hazina harusi, nilikuwa nakwenda kukaa nao. Wanachimba udongo, wanaukanyaga, wanafinyanga, wanachoma. Mimi napiga picha. Hakuna aliyenituma. Nilitaka tu ijulikane kwamba kuna wanawake hapa wanaoumba kitu kwa mikono mitupu, na kitu hicho kinapikiwa, kinatunza maji, na ni kizuri kukitazama.

Mkubwa wao ni mama mkwe wangu. Huyo mama, ndugu zangu, hana mzaha. Chungu kikitoka na ufa, anakivunja mwenyewe, hataki kukiuza hata kwa jirani. Na mimi aliniruhusu kukaa pale kwa sharti moja: nisizuie upepo.

Siku moja walikuwa wanachoma. Moto umeshika, moshi umewageukia. Mama mkwe amechuchumaa, amevaa kanga yake ya kazini, ile yenye matundu ya cheche, majivu mpaka kwenye nyusi. Akainua uso kunitazama. Moshi ulikuwa umemtoa machozi. Nikabonyeza. Nilijua papo hapo kwamba katika maisha yangu yote sijapiga picha kama ile. Na nawaambia, siku hiyo tulikuwa tumetoka kula ugali wa uwele, mlenda, na nyama ya mbuzi, kwa sababu siku ya kuchoma vyungu ni siku ya sherehe kwetu. Mama alikuwa ameshiba mpaka anacheua. Shikeni hilo.

Sasa akaja bwana mmoja kutoka mjini. Amevaa vizuri, anaongea vizuri. Alisema anakusanya kazi za wasanii wa mkoa wetu kwa ajili ya maonyesho. Aliziona picha zangu ukutani, akasimama mbele yake kama mtu aliyeingia kanisani. Akaniambia, "Dada, wewe si mpiga picha. Wewe ni msanii."

Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo. Nikampa picha zote kwenye flashi. Tulikubaliana waziwazi: ni za maonyesho, chini yake jina langu na jina la kila mama. Aliitikia kwa kichwa kila neno.

Maonyesho sikuyaona. Nilingoja simu, haikuja.

Miezi ikapita. Mama mkwe akaenda Singida mjini kutibiwa macho. Aliposhuka stendi, akajiona. Juu ya nguzo, kwenye bango la kuomba misaada, mkubwa kuliko mlango wa ghala. Uso wake, majivu yake, machozi yake. Mwenyewe hajui kusoma vizuri, kwa hiyo alimwomba kijana wa tiketi amsomee. Yule kijana akasoma, akamtazama, akasoma tena kwa sauti ya chini: "Hajala tangu jana. Utamwacha?"

Watu wakaanza kumtambua. "Mama, si ndiyo wewe?" Mwanamke mmoja, mpita njia tu, akamshika mkono akamwekea andazi kiganjani, akasema, "Pole, mama. Kula." Mbele za watu. Mwanamke aliyelea watoto saba kwa vyungu vyake na hajawahi kuomba chumvi kwa jirani!

Hakwenda hospitali. Alipanda gari akarudi. Aliingia kwangu jioni, hakuketi. Akaliweka lile andazi mezani mbele yangu.

"Umepiga picha ya njaa yangu," akasema. "Haya. Chakula chenyewe hiki hapa."

Nilieleza. Nilimpigia magoti. Alikuwa ameshatoka.

Ndugu zangu, habari ya namna hiyo haihitaji bodaboda. Kesho yake kijiji kizima kilijua kwamba mimi nimewauza wafinyanzi. Nilipokwenda kule wanakofinyangia, wanawake walinyanyuka mmoja mmoja wakaingia ndani. Sokoni wakiniona na kamera wanajifunika uso. Bibi harusi mmoja, nilikuwa nimeshamwahidi, akaleta mpiga picha kutoka mjini. Mume wangu alisema yeye yuko katikati ya mama yake na mke wake, na mtu wa katikati hana la kusema. Na nyinyi, mniwie radhi, wengine mko hapa mbele yangu, mlikata shauri kabla ya kuniuliza hata swali moja. Nalisema hili mkiwa mnanitazama.

Nikaenda mjini kumtafuta yule bwana. Nikamkuta ofisini kwake. Nikamwambia, ile picha ni ya mfinyanzi akiwa kazini, yule mama hakuwa na njaa. Mnajua alinijibu nini? Alitabasamu.

"Dada, picha ikitoka mkononi mwako ni ya dunia. Halafu, yule mama si maskini? Hebu itazame ile kanga."

Nikasema ile ni kanga ya kazini. Akasema, "Watu hawatoi msaada kwa mtu aliyependeza. Fikiria watoto watakaosaidika."

Nikainuka. Na kinachonichoma mpaka leo ni kwamba nilipofika mlangoni, ulimi wangu, kwa mazoea ya kulelewa vizuri, ulimwambia "asante".

Baada ya hapo nilianguka. Nilifunga studio. Kamera niliitia ndani ya gunia la mtama nikaifukia humo. Nilikuwa nalala mchana, nakula nikikumbushwa. Watu wa dini walikuja, wa kanisani na wa msikitini, wote na neno moja: samehe. Samehe, utapona. Nilijitahidi kusamehe, jamani. Kila nilipojitahidi nilizidi kuugua. Namsamehe vipi mtu ambaye hajaona kosa lake, na bango bado liko juu ya nguzo, na kila siku mama wa watu anahurumiwa na abiria?

Baridi ikarudi. Asubuhi moja nikiwa bado kitandani, mlango ukasukumwa. Mama mkwe. Tangu lile andazi hakuwa ameingia kwangu.

"Amka. Leta mashine yako."

"Mama, nyie hamnitaki kule."

"Nani amesema nakutaka? Nataka picha."

Nikatoa kamera kwenye mtama, nikaipuliza, nikamfuata. Kule nikawakuta wote wamevaa vitenge vyao vya harusini, vilemba juu, kila mmoja na chungu chake bora mbele. Machozi yakanitoka. Mama mkwe akaniambia, "Usilie, utatikisa mashine. Mimi nimefikiri miezi yote hii. Kama ungekula hela ya yule mtu ungenenepa. Umekonda kuliko fimbo. Piga."

Nikapiga. Kisha wakasema, twende. Wapi? Kwa huyo bwana.

Tulikwenda, wanawake wenye vyungu kichwani, tukapita katikati ya mji. Yule bwana alitoka nje mwenyewe aliposikia zogo. Alipomwona mama mkwe alimjua mara moja, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

Mama mkwe akamtazama tu. Nyinyi mnajua shikamoo ni nini kwetu. Sijawahi, tangu nizaliwe, kusikia mzee wa huku akiinyima marahaba. Yule bwana akairudia kwa sauti zaidi, akidhani hakusikika.

"Nimekusikia," akasema mama. "Sikuitikii. Anayeniamkia ananiona mtu. Wewe hujaniona. Siku ile nilikuwa nimeshiba. Nishushe pale juu."

Akaanza kujieleza: uamuzi si wake, kuna wakubwa wake, kuna taratibu. Mama akatua chungu chake barazani, akakaa kando yake. Na wengine wakatua, wakakaa. Mama akasema, "Tutamsubiri huyo mkubwa." Wageni wa ofisi ile walikuwa wanaingia na kutoka wakiwaruka wanawake wenye vilemba, wakimtazama yule mama, kisha wakitazama vipeperushi vyenye sura yake mezani, kisha wakiuliza maswali. Mimi nilisimama nikajibu kila aliyeuliza, kwa sauti, na safari hii ulimi wangu haukusema asante hata mara moja.

Jua halijazama bango likashushwa. Walituletea limekunjwa. Aliomba radhi? Hapana. Alisema "tumeelewana", akaingia ndani. Vipeperushi vingine bado vinazunguka huko, kwenye simu za watu, siwezi kuvifuata. Kwa hiyo nawaambieni ukweli: sijamsamehe, na nimepona. Hayo mawili yanakaa pamoja vizuri kabisa ndani ya kifua changu.

Mwezi uliopita tulifanya maonyesho yetu wenyewe, kwenye ghala la mashine ya alizeti. Tulitundika picha kwa kamba ya katani na vibanio vya nguo. Akina mama walichagua wenyewe ipi itundikwe, na walizoziona mbaya walizichana mbele yangu, hata zile nilizozipenda. Maneno ya chini walitunga wao. Mmoja aliandikisha hivi: "Chungu changu hakivuji. Mwulize mama yako." Mfinyanzi mmoja hajarudi kunikubali, hataki lenzi imtazame tena. Ana haki yake. Nikifika anapofinyanga, kamera naiacha mlangoni.

Nawashukuru akina mama wale, walionirudishia kazi yangu kabla hata sijaomba. Namshukuru mume wangu, ambaye siku ya maonyesho alitoka pale katikati akaja kushika ngazi. Namshukuru mama mkwe wangu, yule pale nyuma anayejifanya amesinzia.

Na funzo langu ni hili. Sura ya mtu si mali ya aliyeiona. Muulize kwanza, na akikataa, ondoka. Na mtu aliyedhulumiwa msimkimbilie na neno samehe wakati mwiba bado uko mguuni. Msaidieni kwanza kuung'oa.

Kesho tunachoma vyungu. Anayetaka kuja kuona, karibu sana. Leteni kuni. Huruma ziacheni nyumbani.